Somo: Saa za kazi zikipungua Ujerumani, karatasi za mwajiri za Kurzarbeit hatua kwa hatua

Habari za leo, ndugu zangu. Somo hili ni kwa wenzetu wenye biashara ndogo hapa Ujerumani: kampuni za usafi, migahawa, saluni, maduka, usafirishaji wa mizigo. Una wafanyakazi wachache, kazi imepungua ghafla, hutaki kumfukuza mtu, lakini mshahara kamili huuwezi. Wafanyakazi nao wasome mpaka chini, maana fedha hizi ni zao. Maswali mliyonitumia nimeyajibu mwishoni.

Kwanza tuelewane. Nyumbani Tanzania fao la kukosa ajira hulipwa baada ya kazi kwisha, na mwenye kulifuatilia ni mfanyakazi mwenyewe. Kwa mazoea hayo, wengi wetu tukipunguziwa saa hapa tunakimbilia Agentur für Arbeit, ofisi ya ajira ya serikali, tukidhani tutajaza fomu tulipwe. Haiko hivyo. Saa zikipungua na mkataba wa kazi ungali hai, fedha inayohusika inaitwa Kurzarbeitergeld, kwa kifupi Kug, na mfanyakazi hawezi kuiomba. Mwajiri ndiye anayetoa taarifa, anayekokotoa, anayewalipa wafanyakazi, kisha anarejeshewa na Agentur. Baraza la wafanyakazi, pale lilipo, nalo linaweza kutoa taarifa. Biashara ndogo nyingi hazina baraza, kwa hiyo kalamu yote iko mkononi mwa bosi. Bosi akizembea, anayekosa kodi ya nyumba ni mtu ambaye hakuwa na namna ya kujitetea. Ndiyo maana naandika kwa kirefu.

Utaratibu wenyewe, Kurzarbeit, yaani kufanya kazi kwa saa pungufu kwa muda, ni wa zamani. Ulianza mwaka 1910 kwenye machimbo ya chumvi za potashi, na leo umeandikwa katika kitabu cha tatu cha sheria za hifadhi ya jamii, kuanzia kifungu cha 95. Aprili 2020, korona ilipofunga kila kitu, karibu watu milioni 6 walikuwa kwenye Kurzarbeit kwa wakati mmoja. Basi usione aibu kuutumia. Wewe na wafanyakazi wako mmeuchangia kila mwezi kupitia bima ya ukosefu wa ajira.

HATUA YA KWANZA: Jipime kama unastahili

Tuchukue mfano tutakaokwenda nao mpaka mwisho. Kampuni ya usafi ina watu 9: sita wenye ajira yenye bima, wawili wa Minijob, yaani ajira ndogo isiyo na bima ya ukosefu wa ajira, na mmoja mwanagenzi anayejifunza kazi. Mteja mkubwa, hoteli, amepunguza oda ya usafi wa vyumba.

Sheria inataka angalau theluthi moja ya wafanyakazi wapoteze zaidi ya asilimia 10 ya mshahara ghafi kila mmoja, ndani ya mwezi huo wa kalenda. Mwanagenzi hahesabiwi. Watu wa Minijob wanahesabiwa kwenye jumla, japo wao wenyewe hawapati Kug. Kwa hiyo tuna watu 8, theluthi yake ni 2 na ushei, maana yake wasiopungua watatu wawe wamepoteza zaidi ya asilimia 10. Hesabu hii inafanywa upya kila mwezi. Mwezi ambao wameathirika wawili tu, mwezi huo hauna Kug.

Sababu ya kupungua kwa kazi iwe ya kiuchumi, kama oda kukatika au malighafi kukosekana, au tukio lisiloepukika kama moto na mafuriko. Iwe ya muda, yaani kuna matumaini ya kweli kwamba kazi itarudi. Na iwe haikuepukika. Hapa ndipo wengi wanapokwama, kwa sababu upungufu ambao ni kawaida ya biashara au wa msimu hauhesabiwi. Mwenye duka la aiskrimu hawezi kuandika mwezi wa Januari kwamba wateja wamepotea. Wajenzi wana utaratibu wao wa msimu wa baridi, Desemba hadi Machi, na somo lake ni jingine.

Kabla ya kuomba, tumia kwanza ulichonacho ndani. Wafanyakazi wenye akiba ya saa za ziada wazitumie, isipokuwa akiba ambazo sheria inazilinda. Likizo iliyobaki ya mwaka uliopita itolewe. Likizo ya mwaka huu usimlazimishe mtu kuichukua kama ameshaipangia matumizi yake. Mama aliyepanga kwenda Mombasa mwezi Agosti kumwona mzazi wake hanyang'anywi siku zake kwa sababu hoteli imekosa wageni Machi.

HATUA YA PILI: Pata makubaliano ya maandishi

Huwezi kuamka asubuhi ukawatumia wafanyakazi ujumbe wa WhatsApp, "kuanzia kesho saa 24 kwa wiki". Hapa mwajiri hana mamlaka ya kupunguza saa na mshahara peke yake. Lazima uwe na msingi: mkataba wa pamoja wa sekta, makubaliano na baraza la wafanyakazi, kipengele ndani ya mkataba wa kazi, au karatasi ya makubaliano ambayo kila mfanyakazi anayehusika ameisaini.

Kwa biashara zetu ndogo ni hiyo karatasi. Iwe ya ukurasa mmoja. Iseme Kurzarbeit inaanza tarehe ngapi na inatarajiwa kwisha lini, saa za kawaida ni ngapi na zitashuka mpaka ngapi, zimegawanywaje katika siku za wiki, mshahara utapungua kwa kiasi gani, na kwamba Kug italipwa pamoja na mshahara siku ile ile ya malipo. Kisha sahihi mbili na tarehe. Tarehe ya sahihi itangulie siku ya kwanza ya kupunguza saa. Karatasi iliyosainiwa tarehe 10 haiwezi kupunguza saa za tarehe 3.

Msomee mfanyakazi kwa lugha anayoielewa. Najua mnaajiri watu waliofika juzi, Kijerumani chao bado ni cha kujikongoja. Mtu akisaini asichokielewa, kesho atadhani umemwibia, na ana haki ya kukasirika.

HATUA YA TATU: Toa taarifa, na ifike mwezi huo huo

Hii ndiyo hatua inayokula watu, kwa hiyo someni taratibu.

Fomu inaitwa Anzeige über Arbeitsausfall, namba yake Kug 101. Inapelekwa kwa Agentur für Arbeit ya eneo ilipo biashara. Hata kama wewe mwenyewe unaishi mji mwingine, kinachotazamwa ni biashara iko wapi. Unaweza kuijaza mtandaoni kwa akaunti ya biashara yako, au kuituma kwa posta.

Kug hulipwa mapema kabisa kuanzia mwezi wa kalenda ambamo taarifa ilifika Agentur. Nimesema ilifika, sikusema iliandikwa wala ilitumwa. Turudi kwenye mfano wetu. Hoteli inaandika barua tarehe 12 Machi. Wafanyakazi wanasaini makubaliano tarehe 14 na saa zinapungua kuanzia tarehe 17. Mwenye kampuni anasubiri mhasibu wake arudi likizo, anatia bahasha posta tarehe 29, inapokelewa tarehe 2 Aprili. Machi imekwenda. Hakuna wa kumbembeleza, hakuna barua ya kuomba radhi itakayosaidia. Aprili atalipwa, Machi hapana, na mzigo wa Machi ni wa mwajiri. Kumshushia mfanyakazi mzigo huo si haki hata kidogo, maana yeye alisaini kwa wakati.

Kwa tukio la ghafla lisiloepukika, tuseme moto umeunguza jiko la mgahawa siku ya mwisho ya mwezi, sheria inakubali taarifa iliyotolewa bila kuchelewa ihesabiwe ya mwezi wa tukio. Mteja kupunguza oda hakumo humo.

Kwa hiyo ukishaona kazi inapungua na makubaliano yamesainiwa, tuma siku hiyo hiyo kwa njia ya mtandao, na uhifadhi uthibitisho wa kupokelewa wenye tarehe. Mhasibu atakuta imeshakwenda.

Ndani ya fomu wataitaka namba ya biashara, Betriebsnummer, yenye tarakimu 8. Ni ile unayoitumia kuripoti wafanyakazi kwenye bima. Watauliza una wafanyakazi wangapi, wangapi wataathirika, saa za kawaida na saa mpya, Kurzarbeit inaanza mwezi gani na inatarajiwa kwisha lini. Utaambatanisha makubaliano yaliyosainiwa.

Halafu kuna sehemu ya kueleza sababu, na hapo watu huandika mstari mmoja: "hali ya uchumi ni mbaya". Hiyo haitoshi. Afisa anayesoma haijui biashara yako. Mweleze kama unavyomweleza jirani aliyekaa mbele yako: kampuni inafanya nini, wateja wakubwa ni kina nani na ni sehemu gani ya mapato, nini kimebadilika na lini, umefanya nini kuzuia, kwa nini unaamini ni ya muda. Kwa mfano wetu: "Hoteli ilikuwa inatupa vyumba 60 kwa siku, tangu tarehe 17 Machi inatupa 25 kwa sababu ghorofa mbili zinakarabatiwa. Ukarabati umepangwa kwisha Julai, barua ya hoteli imeambatanishwa. Tumeomba kazi kwa wateja wengine watatu, mmoja ameahidi jibu Mei. Saa za ziada zote zimetumika." Maelezo ya namna hiyo yanajibu maswali kabla hayajaulizwa, na barua ya hoteli ina uzito kuliko kurasa tano za malalamiko.

Agentur itajibu kwa barua ya uamuzi, ikikubali au kukataa kwamba masharti ya msingi yametimia, na utapata namba ya faili la Kug. Namba hiyo utaiandika kwenye kila kitu kinachofuata. Wakikataa, una mwezi mmoja wa kupinga kwa maandishi.

HATUA YA NNE: Andika saa kila siku

Kila mfanyakazi aliye kwenye Kurzarbeit awe na karatasi yake ya saa. Siku, saa aliyoanza, saa aliyomaliza, mapumziko, saa zilizopotea kwa sababu ya Kurzarbeit, na tofauti na hizo, likizo, ugonjwa, sikukuu. Usichanganye. Saa za likizo si saa za Kug. Siku ya sikukuu ya umma nayo hairejeshwi na Agentur, mwajiri anailipa mwenyewe.

Karatasi ijazwe siku hiyo hiyo. Wakaguzi wanaijua karatasi iliyojazwa mwezi mzima kwa kalamu moja na mwandiko mmoja usiku wa kuamkia ukaguzi.

HATUA YA TANO: Kokotoa na ulipe

Kug ni asilimia 60 ya tofauti ya mshahara wa mkononi, au asilimia 67 kwa mfanyakazi mwenye angalau mtoto mmoja. Agentur haichukui mshahara halisi wa mkononi, ina majedwali yake yanayofuata daraja la kodi, na programu ya mishahara inayo tayari. Unaingiza mshahara ghafi ambao angepata bila Kurzarbeit, na ule ghafi anaoupata sasa. Jedwali linatoa kiasi cha kila mmoja, unatoa kidogo kwenye kikubwa.

Mfano: dada mmoja wa kampuni yetu alikuwa na saa 40 kwa wiki kwa yuro 2,500 ghafi. Sasa ana saa 24, yuro 1,500 ghafi. Tuseme kwa daraja lake la kodi jedwali linatoa tofauti ya yuro 600. Kama hana mtoto, Kug yake ni yuro 360. Kama ana mtoto, ni yuro 402. Anapokea mshahara wake wa saa 24 pamoja na hiyo Kug, vyote kutoka kwako, siku ile ile ya mshahara. Agentur haimlipi moja kwa moja.

Kwa hiyo lazima uwe na fedha za kutanguliza. Hili lizungumzeni na benki mapema.

Na kuna gharama ambayo watu hugundua wakiwa wamechelewa. Kwenye saa zilizopotea, michango ya bima ya afya, matunzo na pensheni inaendelea, na yote inabebwa na mwajiri, fungu lake na la mfanyakazi. Inapigwa kwenye asilimia 80 ya mshahara ghafi uliopotea. Kwa dada yetu, aliyopoteza ni yuro 1,000, asilimia 80 yake ni 800. Pensheni asilimia 18.6 ni yuro 148.80. Bima ya afya asilimia 14.6 ni yuro 116.80. Hapo bado nyongeza ya mfuko wa afya na bima ya matunzo. Mchango wa bima ya ukosefu wa ajira haulipwi kwenye sehemu hiyo. Wakati wa korona serikali iliirejesha michango hii, kwanza yote, baadaye nusu. Utaratibu huo ulikwisha. Anayewapigia hesabu kwa kukumbuka mwaka 2020 anawapoteza.

HATUA YA SITA: Omba kurejeshewa kila mwezi

Fomu ya maombi ni Kug 107, na orodha ya wafanyakazi inayoambatana nayo ni Kug 108. Mwezi mmoja, ombi moja. Orodha inaonyesha kila mtu, namba yake ya bima, saa zilizopotea, mishahara yote miwili na kiasi cha Kug. Kwenye orodha hiyo kiwango cha 1 maana yake asilimia 67, kiwango cha 2 maana yake asilimia 60. Watu hugeuza, wakidhani cha 1 ni kidogo.

Una miezi 3 tangu mwezi unaohusika ulipoisha. Ombi la Machi lifike ifikapo mwisho wa Juni. Muda huu haurefushwi. Ukipita, umepita, hata kama taarifa ya mwanzo ilikubaliwa na karatasi zote ni safi. Lakini kwa nini usubiri Juni? Peleka mara tu mishahara ikishafungwa, fedha yako irudi.

Ikiwa kazi itarudi kwa miezi 3 mfululizo bila Kug halafu ikaanguka tena, toa taarifa mpya. Kwa sheria ya kawaida muda wa Kug ni miezi 12. Serikali inaweza kuurefusha mpaka 24 kwa agizo, na mwaka 2025 ilifanya hivyo. Tazama barua yako ya uamuzi imeandika mwisho mwezi gani, na ushike hiyo.

HATUA YA SABA: Subiri ukaguzi

Malipo yote ya Kug ni ya muda mpaka ukaguzi ufanyike. Kurzarbeit ikiisha, Agentur itaitisha vitabu: mikataba, makubaliano, karatasi za saa, hati za mishahara, orodha ya likizo na saa za ziada. Weka faili moja tangu siku ya kwanza. Ukilipwa zaidi utarudisha.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Köln): Shikamoo mwalimu. Mpishi wangu ni wa Minijob, saa zake zimeisha zote. Nimwingize kwenye orodha?

Jibu: Marahaba. Hapana. Minijob haina bima ya ukosefu wa ajira, kwa hiyo haina Kug. Na usimwache hewani: mkataba wake wa saa na mshahara bado unakufunga. Zungumza naye, mwandikiane.

Swali (Bremen): Dada, mimi nina mfanyakazi mmoja tu dukani. Si wataniona nawachezea?

Jibu: Hawatakuona hivyo. Sheria inataka angalau mfanyakazi mmoja. Ukiwa naye mmoja, theluthi yako ni yeye. Ila wewe mwenyewe kama mwenye duka huna Kug, hata kama umekaa mlangoni kutwa bila mteja.

Swali (Hamburg): Mwajiri amenipa asilimia 60. Nina watoto wawili, wako Mwanza na bibi yao. Anasema kwenye kompyuta hawaonekani.

Jibu: Pole kaka, hili linawapata wengi. Sheria inazungumzia mtoto wako, haisemi lazima awe anaishi Ujerumani. Kinachokosekana ni ushahidi: mwajiri anasoma taarifa zako za kodi, na watoto wa nje mara nyingi hawajaingizwa humo. Chukua vyeti vya kuzaliwa pamoja na tafsiri, nenda Agentur uombe uthibitisho wa kiwango cha juu, umpe mwajiri. Na upeleke ombi ofisi ya kodi ili watoto waingizwe kwenye kumbukumbu zako. Mtoto aliyepita miaka 18 anahesabiwa akiwa bado masomoni, mpaka 25. Waajiri mnaosoma hapa, waulizeni wafanyakazi wenu kuhusu watoto kabla ya mwezi wa kwanza. Asilimia saba hizo ni unga na sare za shule za mtu.

Swali (jina limehifadhiwa): Bosi ametuambia tusaini karatasi za saa sifuri, lakini tunafanya kazi kama kawaida. Anasema tukikataa biashara itafungwa na sisi tutarudi nyumbani.

Jibu: Nisikilize vizuri. Huo ni udanganyifu na ni kosa la jinai. Atakayelipwa fedha ya bima kwa saa ambazo mlifanya kazi ni yeye, na anayesaini akijua naye anajiweka hatarini. Usisaini. Kila siku andika kwenye daftari lako saa uliyoingia, uliyotoka, na mahali ulipofanya kazi, na hifadhi ujumbe anaowatumia kuwapangia zamu. Nenda chama cha wafanyakazi au ofisi ya ushauri kwa wahamiaji, wengi wao hutoa ushauri bila malipo, mkae nao kabla ya kupeleka taarifa Agentur au kwa Zoll, idara ya forodha inayochunguza ajira haramu. Na hilo la kurudishwa nyumbani halimo mikononi mwa bosi. Kibali kinatolewa na ofisi ya wageni.

Swali (Frankfurt): Kibali changu cha kuishi kinasema nijitegemee kimaisha. Nikipokea Kug si itaonekana naomba msaada wa serikali?

Jibu: Hapana. Sheria ya ukaazi inatenganisha misaada ya jamii na malipo yanayotokana na michango. Kug inatokana na michango, haihesabiwi kama msaada unaoharibu kujitegemea kwako. Angalia kitu kingine: kipato chako kwa jumla kimeshuka. Kama una ombi mezani linalodai kipato cha kiasi fulani, mfano kumleta mwenza au kibali cha kudumu, kaa na mshauri wa uhamiaji kwanza, ukiwa na hati zako za mshahara.

Swali (Berlin): Nilikuwa nasambaza vifurushi jioni tangu mwaka jana. Sasa nimeongezea na Jumapili kwenye mgahawa. Itakatwa?

Jibu: Ya vifurushi uliianza kabla ya Kurzarbeit, haikatwi. Ya mgahawa umeianza ukiwa tayari kwenye Kurzarbeit, kwa hiyo inaongezwa kwenye kipato chako cha sasa na Kug inapungua. Mwambie mwajiri mapema, yeye ndiye anayekokotoa. Usipomwambia, ukaguzi utaikuta na utarudisha.

Swali (Stuttgart): Mfanyakazi wangu ameugua wiki ya pili ya Kurzarbeit. Agentur au bima ya afya?

Jibu: Akiugua ndani ya Kurzarbeit, kwa zile wiki 6 za mshahara wa ugonjwa anaendelea kupata Kug kwa saa zilizopotea, na wewe unalipa saa ambazo angefanya kazi. Kama aliugua kabla ya mwezi ambao Kurzarbeit ilianza, kwa saa zilizopotea anapata fedha ya ugonjwa ya bima yake, kwa kiasi sawa na Kug. Andika tarehe ya cheti cha daktari kwenye karatasi ya saa.

Swali (Leipzig): Wafanyakazi watano wamesaini, mmoja amegoma kabisa. Nimfanyeje?

Jibu: Usimlazimishe na usimkate. Bila kipengele kwenye mkataba wake na bila sahihi yake, anabaki na saa zake na mshahara wake kamili. Mweleze tena kwa utulivu, mwonyeshe hesabu ya Kug yake kwa namba, mara nyingi mtu anagoma kwa sababu hajui atabaki na shilingi ngapi mkononi. Akikataa bado, tuma taarifa yako kwa hao watano. Usisubiri wa sita mpaka mwezi ugeuke.

Swali (Köln, tena): Na kama nimempa mtu notisi ya kuachishwa katikati ya Kurzarbeit?

Jibu: Kuanzia notisi inapomfikia, Kug yake inakatika. Mtoe kwenye orodha tangu siku hiyo, na mshahara wa kipindi cha notisi umwulize mwanasheria, usikisie. Kug ni ya kumbakisha mtu kazini.

Swali (Hannover): Kug inakatwa kodi? Mwenzangu alipata barua ya kulipa yuro mia kadhaa mwaka uliofuata.

Jibu: Yenyewe haikatwi kodi, lakini inaongezwa kwenye hesabu ya kutafuta kiwango cha kodi ya mshahara wako uliobaki, kwa hiyo kiwango kinapanda. Ukipokea zaidi ya yuro 410 za Kug kwa mwaka, lazima upeleke ritani ya kodi, na mwisho wa kupeleka ni tarehe 31 Julai mwaka unaofuata kama hutumii mhasibu wa kodi. Kiasi cha Kug kimeandikwa kwenye hati ya mwaka unayopewa na mwajiri. Tenga kidogo kila mwezi. Na wanandoa wenye madaraja ya kodi ya 3 na 5 waangalie zaidi, huko ndiko barua hizo huja nzito.

Swali (Bremen, tena): Dada, leo ni tarehe 27. Makubaliano nimesaini jana, barua ya mteja sina bado. Nisubiri?

Jibu: Usisubiri. Tuma Kug 101 leo usiku kwa mtandao na makubaliano uliyonayo, kwenye maelezo andika kwamba barua ya mteja itafuata. Ushahidi unaweza kuongezwa baadaye, tarehe ya kupokelewa haiwezi.